Ndoo Chini ya Kitanda: Safari Yangu ya Kwanza Dhaka

Nilipokuwa naaga Kigoma, kila mtu aliniuliza swali lile lile: Bangladesh unakwenda kusoma nini? Jirani yangu alidhani nafasi za Ulaya zimeisha, nikapewa hii kama kifuta jasho. Mjomba wangu wa Ujiji, mzee wa redio, alikumbuka habari za mafuriko akasisitiza nibebe mwavuli. Hata ofisini, mabwana afya wenzangu walitaka kujua kuna elimu gani huko isiyopatikana Muhimbili.

Niliwajibu kwa kuwaonyesha pakiti ya ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Mwaka 1968 madaktari wawili Wamarekani, David Nalin na Richard Cash, wakishirikiana na wenzao wa Kibengali katika maabara ya kipindupindu ya Dhaka, walithibitisha kwamba mgonjwa anayekaukiwa maji anaweza kurudishiwa kwa kunywa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo maalumu, dripu ikabaki kwa waliozidiwa. Kila zahanati ya Tanzania inayompa mtoto ORS leo inafuata njia iliyothibitishwa kule. Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1960. Siku hizi ni kituo cha kimataifa cha utafiti kinachoitwa icddr,b, chenye hospitali yake na kozi fupi kwa watumishi wa afya kutoka nchi nyingi. Watu wa Ulaya wenyewe huenda huko kujifunza.

Halafu sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tuna sababu zetu. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walijazana kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalikuwa ni ya ziwani, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, wagonjwa na wazima pamoja. Takriban watu 30 walikufa. Nilikuwa kati ya watumishi waliopokea watu gatini, na tangu siku zile nilitamani kuwaona wanaopambana na ugonjwa huu mwaka mzima, kila mwaka, wanafanyaje kazi.

Kwa hiyo barua ya kukubaliwa ilipokuja, sikusubiri kushawishiwa.

Kutoka Dar es Salaam tulipitia Dubai. Ndege ya pili, ya kwenda Dhaka, ilijaa wanaume vijana waliokuwa wakirudi kwao kutoka kwenye kazi za ujenzi na usafi huko Ghuba. Kila mmoja alikuwa na blanketi nene ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, zawadi ya mama au mke. Jirani yangu wa kiti aliniomba nimjazie fomu ya kuingia nchini, nami nikamjazia, na wa nyuma yake, na wa upande wa pili. Nilipomwambia natoka Tanzania aliangua kicheko cha furaha. Alikuwa amefanya kazi Maskati kwa bwana mwenye asili ya Unguja, na katika nyumba ile alijifunza kusema “karibu chakula” na “haraka haraka”. Hayo mawili aliyatamka vizuri kabisa, angani, juu ya Bahari ya Arabu, akaniachia nusu ya biskuti zake.

Tulitua usiku, mwezi wa Aprili, joto likiwa limetanda hata saa saba za usiku. Niliona kwa mara ya kwanza zile bajaji za kijani zilizozungushiwa wavu wa chuma pande zote, dereva amefungiwa kwake na abiria kwake. Asubuhi ndiyo niliona riksho: baiskeli za magurudumu matatu, maelfu kwa maelfu, kila moja imechorwa tausi, maua, waigizaji wa sinema na misikiti kwa rangi zinazowaka. Sanaa hiyo ya riksho iliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilisimama kando ya barabara nikitazama moja baada ya nyingine, nikachelewa chai.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa huko ni siku ya mapumziko. Wiki ya kazi huanza Jumapili. Mchana nilialikwa kula na familia ya mmoja wa waratibu wa kozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugeni, lakini nikanawishwa mikono kwa birika, nikawekewa wali, dengu na samaki, nikala kwa mkono wa kulia kama nyumbani. Samaki aliitwa ilishi, ndiye fahari yao, ana mafuta na miiba mingi sana. Mama mwenye nyumba aliponiona nakwepa miiba bila taabu alishangaa. Nilimwambia nimekulia kwenye migebuka.

Darasa nililotegemea lilikuwa la viti na picha za ukutani. Jumapili saa mbili asubuhi tuliambiwa tuvae makoti na viatu vya kufunika vidole, tukapelekwa moja kwa moja getini kwa wagonjwa. Wenyeji huita mahali pale Hospitali ya Kipindupindu, na kila dereva wa riksho anaijua. Hupokea wagonjwa zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kuna misimu miwili ya mlipuko, kabla ya mvua kubwa na baada yake, na sisi tulifika katikati ya ule wa kwanza. Machi na Aprili 2022 walipokea zaidi ya wagonjwa 1,000 kwa siku moja, siku baada ya siku, wakasimamisha mahema uani. Mahema yalikuwepo pia tulipofika.

Mgonjwa analetwa juu ya mkokoteni, mikono ya ndugu zake ikiwa imemshika kichwa na miguu. Muuguzi anamtazama macho, anamfinya ngozi ya tumbo aone inavyorudi, anagusa mshipa wa mkononi, anaamua. Hakuna aliyeulizwa fedha, wala kadi. Matibabu ni bure, na karatasi hufuata baadaye. Pale mlangoni nilikaa nikitafuta foleni sikuiona. Watu walikuwa wengi, sauti zilikuwa nyingi, lakini ilikuwa kama mwalo wa Kibirizi kule kwetu alfajiri mitumbwi ya dagaa inapofika: mgeni anaona vurugu tupu, kumbe kila mtu anajua kamba yake na kapu lake.

Ndani ndipo nilipokutana na kile kitanda cha kipindupindu. Nilikuwa nimekiona vitabuni, na kwetu wakati wa milipuko tumewahi kuvichonga vya mbao, lakini hapa vilikuwa vimepangwa safu kwa safu hadi mwisho wa ukumbi. Ni fremu ya chuma, juu imetandikwa shiti la plastiki nene lenye tundu katikati. Tundu lina mrija mpana wa plastiki hiyo hiyo unaoshuka hadi kwenye ndoo chini. Ndoo nyingine iko ubavuni, ya matapishi. Mgonjwa amefunikwa shuka kutoka kiunoni, hahitaji kunyanyuliwa kwenda popote. Kila baada ya saa kadhaa mhudumu anapita na kijiti chenye alama, anakitumbukiza ndoo ya kwanza, anasoma, anaandika. Ya pili, anasoma, anaandika. Kisha anamwaga na kuosha kwa klorini. Nilitegemea harufu kali. Ilikuwepo ya klorini tu.

Mwalimu wetu, daktari wa makamo mwenye sauti ya chini, alitupangia kila mmoja mgonjwa mmoja wa kumfuatilia bila kumwacha. Wa kwangu alikuwa saidia fundi, kijana aliyeanza kuharisha usiku wa manane. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, mshipa wa mkono haukusikika. Alipimwa uzito: kilo 50. Mwalimu aliniuliza maji kiasi gani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mililita 100 kwa kila kilo, kwa hiyo lita tano, lita moja na nusu ndani ya nusu saa ya kwanza, tatu na nusu zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Kuisema ni rahisi. Kuiona ikitendeka, chupa ikifuata chupa kwa kasi ile, mishipa ya mikono miwili ikiwa wazi kwa pamoja, ni jambo jingine. Baada ya robo saa mshipa ukasikika. Baada ya saa moja akafungua macho akamtafuta kaka yake. Kabla ya saa ya tatu kwisha alikuwa ameketi, kikombe cha ORS mkononi, akilalamika kwamba ana njaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli kwa muda, kwa sababu nilikuwa nawakumbuka watu wa gatini.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na ninajua kwamba kipindupindu kinatibika. Kilichonishika ni ile ndoo. Kwetu, kwenye kambi ya wagonjwa, swali linaloulizwa zaidi zamu zinapopokezana ni hili: amepata dripu ngapi? Pale Dhaka wanaulizana ametoa kiasi gani. Anayetoa lita nane anarudishiwa nane, anayetoa mbili anarudishiwa mbili, na kijiti cha mhudumu asiye na shahada yoyote ndicho kinachomwongoza daktari. Anayefika pale akiwa hai ana karibu uhakika kamili wa kutoka akiwa hai. Vifo havifiki mmoja kwa mia.

Mwenzangu wa karibu katika kozi alikuwa muuguzi kutoka Goma. Tulijuana kwa Kiswahili siku ya kwanza, yeye kwa lafudhi yake na mimi kwa yangu, na wengine wakadhani ni ndugu. Jioni tulikunywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha pembeni mwa barabara, vikombe vidogo vya kumaliza kwa mafunda matatu, na hapo akanisimulia Julai 1994.

“Dada, mimi nilikuwaka mtoto,” alisema. “Watu walikuwa wanalala barabarani, tunafikiri wamechoka. Kumbe wamekufa.”

Wakimbizi wa Rwanda waliomiminika Goma kwa siku chache walikuwa laki nyingi. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, shimo la choo halichimbiki, kaburi halichimbiki. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba timu ya icddr,b ilikwenda Goma wakati ule ule. Kesho yake mwalimu alitupa ripoti waliyochapisha mwaka 1995. Walitaka kueleza kwa nini wagonjwa walikufa hata ndani ya vituo vya matibabu, mahali ambapo dawa na wataalamu walikuwepo. Walitaja maji yaliyoongezwa kwa mwendo wa pole mno, ORS iliyotumika kidogo, dripu za aina isiyofaa, na watumishi wenye moyo lakini wasio na uzoefu wa kipindupindu kikali. Kaka yule aliisoma yote, akairudia sehemu ya mwisho, akanyamaza hadi chakula cha mchana. Mimi niliona kwamba hapa ndipo elimu endelevu inapokuwa suala la uhai. Wale walikuwa madaktari na wauguzi wenye vyeti halali. Ujuzi uliotakiwa siku ile haukuwa ule walioupata chuoni.

Jambo hilo lilijitokeza tena darasani kwa njia nyingine. Mwalimu alitugawia karatasi, akatuomba kila mmoja aandike viambato vya lita moja ya ORS bila kuandika jina, ila mwaka aliohitimu tu. Alipozipanga mezani, zilijigawa zenyewe. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadili fomula: chumvi na sukari vikapunguzwa, nguvu ya mchanganyiko ikashuka kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita, kwa kuwa ilionekana kutapika na kuharisha kwa watoto kunapungua, na wanaohitaji dripu wanakuwa wachache zaidi. Mwaka 2004 wakaongeza pendekezo la vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha. Waliohitimu kabla ya hapo, wengi wao, waliandika fomula ya zamani kwa usahihi mkubwa. Hakuna aliyechekwa. Mwalimu alisema tu kwamba chuo kilifanya kazi yake vizuri, na sasa ni zamu ya mwajiri.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi wa watoto nilionyeshwa kitu ambacho sitakisahau. Kando ya kitanda cha mtoto mchanga mwenye nimonia ilining'inia chupa tupu ya shampuu, imejazwa maji, mrija umetumbukizwa ndani, mapovu yanapanda bila kukoma. Daktari wa hapo, Mohammod Jobayer Chisti, alikwenda Melbourne kuendelea na masomo, akakutana na mashine inayosaidia mapafu ya watoto yasinywee kwa kusukuma hewa yenye mgandamizo mdogo. Mashine za aina hiyo ni ghali kwa hospitali nyingi za nchi kama zetu. Aliporudi Dhaka alichukua chupa ya shampuu iliyokwisha, maji na mirija, akapata mgandamizo ule ule: kadiri mrija unavyozama, ndivyo mgandamizo unaoweka mapafu wazi unavyoongezeka. Matokeo ya majaribio yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto wenye nimonia kali waliotumia chupa ile vilipungua kwa takriban robo tatu wakilinganishwa na wale waliopewa oksijeni ya kawaida. Muuguzi aliniruhusu niinamie niangalie. Kibandiko cha shampuu kilikuwa kimebanduliwa nusu, ua la rangi ya waridi likionekana. Mtoto alikuwa amelala.

Wiki iliyofuata tukaenda Matlab, kusini mashariki ya Dhaka, nchi ya mito. Nimekulia ziwani nikidhani najua maji. Huko maji yamegawa kila kitu: shamba, mtaro, bwawa la nyumbani, mto, kisha shamba tena, na nyumba zimeinuliwa juu ya vichuguu vya udongo ili mvua ikija zibaki kavu. Bwawa hilo la nyumbani ndilo la kuogea, kuoshea vyombo, kufugia samaki. Ukiwa bwana afya au bibi afya huwezi kulitazama bila moyo kushtuka.

Matlab ndipo ulipo mfumo wa kuhesabu watu ulioanza mwaka 1966 na haujasimama. Zaidi ya watu laki mbili, kila kuzaliwa, kila kufa, kila kuoa na kuhama vinaandikwa. Tulimfuata mhudumu wa jamii, mama aliyevaa sari ya buluu, mwavuli kwapani. Katika kila nyumba anaitwa shangazi. Anaketi, anapewa tambuu, anauliza habari za kila mtu kwa jina, na ndani ya maongezi hayo maswali yake yote yanakuwa yamejibiwa. Ni mwendo nilioutambua mara moja. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wazuri hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kumbukumbu zake zinasomwa. Dawa, chanjo na mbinu nyingi zilipimwa kwa kumbukumbu za vijiji hivi.

Mojawapo ya mbinu hizo ni kuchuja maji kwa sari. Mtafiti Rita Colwell na wenzake waligundua kwamba bakteria wa kipindupindu hujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini. Ukivizuia viumbe hivyo, unazuia bakteria wengi pamoja navyo. Sari kuukuu ikikunjwa mara nne na kufungwa mdomoni mwa mtungi inatosha. Kuukuu ni bora kuliko mpya, maana nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Matlab, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kipindupindu kikipungua kwa karibu nusu. Mama mmoja alituonyesha akifunga kitambaa chake kwa kamba, akatega mtungi ndani ya maji kwa pembe. Kichwani mwangu zilikuwa zinapita kanga zote zilizochakaa za Ujiji. Sijui kama kanga inachuja sawasawa na sari, na maji ya ziwa letu si maji ya mto wao. Hilo ni la kupimwa maabara kabla ya kumwambia mtu. Lakini nimeliandika.

Kisha tukafika kwenye kisima. Pampu ya mkono, ya chuma, katikati ya ua safi, na imepakwa rangi nyekundu.

Naomba msomaji anisindikize hapa polepole, kwa sababu jambo hili ndilo lililonikosesha usingizi. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Bangladesh na wafadhili, UNICEF wakiwemo, waliwahimiza wananchi waache maji ya mabwawa na mito, wachimbe visima vya pampu. Ilikuwa kazi ya afya ya jamii ya kupigiwa mfano. Maji yalikuwa maangavu, hayana vimelea, na mamilioni ya visima yalichimbwa. Katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba udongo wa chini una sumu ya aseniki, ya asili, isiyo na rangi, ladha wala harufu. Watu wakaanza kutokwa madoa ya ngozi, viganja vikawa vigumu, na baada ya miaka mingi saratani. Mwaka 2000 wataalamu, wakiandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani, waliliita tukio hilo sumu iliyowapata watu wengi kuliko lolote katika historia. Waliokuwa hatarini walikadiriwa kuwa kati ya milioni 35 na 77. Visima karibu milioni tano vikapimwa. Vilivyo salama vikapakwa kijani, vyenye sumu nyekundu.

Waliochimba visima hivyo hawakuwa wazembe. Walifuata walichofundishwa, na walichofundishwa kilikuwa sahihi kwa vimelea. Nilifikiria visima ninavyovikagua mwenyewe, nikafikiria Arusha na sehemu za Kilimanjaro ambako floridi ya ardhini inabadilisha meno ya watoto kuwa kahawia na kupinda mifupa. Mtaalamu wa afya ya jamii akikosea, hukosea kwa watu wengi. Ndiyo maana hana haki ya kuacha kusoma. Nilimuuliza mwenye nyumba anapata wapi maji ya kunywa sasa. Akanionyesha kwa kidole kisima cha kijani, nyumba ya nne, na binti yake alikuwa njiani akirudi na mtungi kiunoni.

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwepo bibi kizee, nywele nyeupe kabisa, aliyekulia wilaya nyingine. Mkalimani alipomwambia tumekuja kujifunza mambo ya kuharisha, aliagiza chumvi, sukari guru na chombo cha maji. Akachota chumvi kwa ncha za vidole vitatu, akaonyesha ule mstari wa kwanza wa kidole kwamba isipite hapo. Akachota sukari guru ngumi moja. Akakoroga ndani ya maji ya nusu lita, akaonja, akatupa tuonje: isiwe na chumvi kuzidi machozi. Alifundishwa akiwa mama kijana na binti aliyekuja kwa miguu, katika miaka ya 1980.

Binti yule alikuwa mfanyakazi wa BRAC, shirika lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wanawake wa aina hiyo walipita nyumba zaidi ya milioni 12, wakimfundisha mama mmoja mmoja. Na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini: hawakulipwa kwa kufundisha. Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine alikwenda kwenye baadhi ya nyumba, akamwomba mama achanganye dawa mbele yake, akachukua sampuli ikapimwe maabara. Mama aliyekumbuka na kuchanganya sawasawa alimpatia mwalimu wake malipo kamili. Aliyekumbuka nusu, malipo yalipungua. Aliyesahau, hakuna. Pia mwanzoni BRAC waligundua kwamba akina mama walikuwa wanajua kuchanganya lakini wengi hawatumii, na walipochunguza wakakuta walimu wenyewe hawaamini sana kile wanachokifundisha. Wakawarudisha walimu darasani, wakaeleweshwa jinsi maji hayo yanavyofanya kazi mwilini, ndipo wakatumwa tena.

Nimehudhuria semina nyingi. Nimeziendesha pia. Tunajaza orodha ya mahudhurio, tunapima kabla na baada kwa maswali ya kuchagua, tunagawa vyeti, na siku hizi mabaraza yetu ya taaluma yanatutaka tukusanye pointi za elimu endelevu, jambo jema. Lakini pointi hizo zinaishia kwetu. Sijawahi kuona fomu inayouliza mama wa kijiji cha Kalalangabo au Mwakizega anaweza kufanya nini mwezi mmoja baada ya bibi afya wake kurudi kutoka semina.

Siku ya mwisho kila mshiriki alitakiwa kuwasilisha mpango atakaoutekeleza kwao. Wangu ulikuwa mdogo: kata mbili za mwambao, wahudumu wa afya ya jamii, ORS na mchanganyiko wa nyumbani, kisha kurudi baada ya mwezi kumwomba mama achanganye mbele yetu. Mwalimu aliusoma akauliza swali moja tu, nauli ya kurudi itatoka wapi, maana mipango mingi aliyoiona kwa miaka yote ilikuwa na fedha za kwenda na haikuwa na fedha za kurudi. Nilimjibu kwamba nitafuta ukumbi. Mafunzo yatafanyika chini ya mwembe wa zahanati, bila hoteli wala maji ya chupa, na fedha hizo zitalipa boti ya safari ya pili. Akaandika kitu pembeni mwa karatasi yangu. Kaka wa Goma, aliyekuwa wa zamu baada yangu, akaazima kalamu yangu, akakata mstari wa ukumbi kwenye bajeti yake papo hapo, akasimama kwenda kuwasilisha.